Somo: Kupanga safari ya tanga Unguja hadi Maskati kwa kufuata kusi na kaskazi

Kabla hujakunjua ramani, funua kalenda. Safari hii ni karibu maili 2,200 za baharini, na anayeamua uondoke lini ni upepo.

Hatua ya 1: Anza na siku ya kurudi. Kusi, upepo utokao kusini kuanzia Aprili hadi Septemba, itakupeleka. Kaskazi, upepo utokao kaskazini Desemba hadi Machi, itakurudisha. Maana yake utakaa ugenini miezi kadhaa, na miezi hiyo lazima iingie kwenye bajeti: chakula, ada za bandari, viza za mabaharia. Wengi hulisahau hili, nami nalisisitiza kuliko jingine lolote. Vasco da Gama alitoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 na rubani aliyempata hapo, akafika Calicut tarehe 20 Mei. Kurudi hakungoja kaskazi ishike. Aliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, akakaa baharini karibu miezi 3, na mabaharia wapatao 30 wakafa kwa kiseyeye. Bahari ni ileile.

Hatua ya 2: Chagua wiki zako. Juni hadi Agosti, kusi huwa kali mno kati ya Ras Hafun, rasi ya Somalia, na kisiwa cha Sokotra. Usiende. Ukiondoka Aprili utakutana na masika, na Mei na Juni ni miezi ya vimbunga katika Bahari ya Arabu: Gonu iliipiga Omani Juni 2007, Mekunu ikaingia karibu na Salalah Mei 2018. Mimi napenda demani, kusi inapozeeka. Ng'oa nanga wiki ya kwanza ya Septemba, ufike kabla vimbunga vya Oktoba na Novemba havijaanza.

Hatua ya 3: Hesabu mkondo. Wakati wa kusi, mkondo wa Somalia unakwenda kaskazini pamoja nawe. Wakati wa kaskazi unageuka kuelekea kusini, lakini ukikaribia Lamu unakutana na mkondo wa pwani yetu, ambao hupanda kaskazini mwaka mzima. Basi kipande cha mwisho cha kurudi, upepo uko tezi, nyuma ya chombo, na maji yanakuja omo, mbele. Ongeza siku.

Hatua ya 4: Maji. Kwa fundo 4, yaani maili 4 za baharini kwa saa, utakata maili 96 kwa siku, yaani siku 23. Pakia ya siku 40. Watu 5, lita 4 kila mmoja kwa siku: lita 800, tena katika matangi mawili au zaidi, moja likivuja lisiwaue.

Maswali ya wanachama, kila mmoja kwa jina la mji wake

*Tanga: Shikamoo nahodha. Injini haiwezi kufupisha mambo?*
Marahaba. Injini iwepo, kwa kuingia bandarini na kwa dharura. Dizeli ya kukufikisha Maskati haitaenea chomboni.

*Maskati: Nitajuaje kaskazi imeshika?*
Ingoje ivume siku 5 mfululizo, mchana na usiku. Mwaka mmoja niliharakisha, nikatoka Novemba, tanga mbili, yaani kipindi ambacho kusi imekwisha na kaskazi haijashika. Nje ya Ras al-Hadd, rasi ya Omani, upepo ukakatika saa nane usiku. Kila wimbi lililopita, foromali, mti unaobeba tanga, ililia na tanga likapiga mlingoti, na kulipokucha kamba ya demani (ile ya kuvutia tanga, si msimu) ilikuwa imelika hadi nyuzi za ndani. Siku 4 tuliitazama pwani ileile.

*Mombasa: Na maharamia?*
Walianza tena mwishoni mwa 2023. Pita mbali na pwani ya Somalia hata ukiukosa mkondo wenye nguvu, na usome tahadhari za usalama hadi siku ya kuondoka. Zikiwa mbaya, ahirisha mwaka mzima.

*Mtwara: Sisi tunaelekea Komoro. Kalenda ni hiihii?*
Hapana, ndugu yangu. Huko epuka Novemba hadi Aprili, na Mei muwe macho bado. Kimbunga Kenneth kilipita Komoro Aprili 2019, na kimbunga Hidaya kilifika Mafia Mei 2024. Nendeni Juni au Julai, na mkague kalafati, pamba inayoziba nafasi kati ya mbao, kabla ya kushusha chombo majini.