SOMO: Kusajili jina la ofisi ya uwakili BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni (Tanzania Bara)

Wakuu, PM zimejaa swali moja. Naandika hapa, atakayeuliza tena namtumia linki.

1. Uwe wakili kwanza. Umo kwenye Daftari la Mawakili na leseni yako ya mwaka iko hai.
2. Namba ya NIDA, kisha fungua akaunti ORS (mfumo wa BRELA wa kusajili mtandaoni).
3. Tafuta jina.
4. Jaza fomu, lipia kwa control namba, subiri cheti.

Namba 3 ndiyo inayorudisha watu. Chini ya Sura ya 213 (Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara), ukitumia majina halisi ya ukoo ya washirika wote bila nyongeza yoyote isipokuwa jina la kwanza au herufi zake za mwanzo, hulazimiki kusajili. Ukiongeza "& Co.", "Advocates" au "Law Chambers", unasajili. Akina Massawe mnajijua mlivyo wengi: jina likifanana na lililopo linakataliwa, hata kama ndilo la babu yako. Ongeza jina lako la kwanza. Maneno yanayonusa serikali yaacheni.

Halafu TAHADHARI: usiweke jina la rafiki "atakayejiunga mwakani". Mshirika akitoka, mjulisheni Msajili ndani ya siku 28, la sivyo kwenye rekodi bado ni mwenzenu. Na jina la biashara si kampuni. Deni la ofisi linakufuata nyumbani.

Maswali

— Mkuu, naweza kusajili na shemeji yangu mhasibu tugawane faida?
Soma namba 1. Ada ya uwakili haigawanywi na asiye wakili.

— Ni bei gani?
Fungua ORS, ipo.

— Nikishasajili, mwingine hawezi kulitumia jina langu?
Swali zuri. Usajili wa jina haukupi umiliki wake. Ukitaka kinga ya kweli, omba alama ya huduma (jina au nembo inayolindwa kisheria) chini ya Sura ya 326, Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, hapohapo BRELA. Huduma za kisheria ziko daraja la 45 katika orodha ya kupanga alama. Ofisi nyingi hazijui hili.

— Mimi niko Unguja.
Huko ni BPRA (wakala wa usajili wa Zanzibar), si BRELA. Kichwa cha somo kinasema Bara.

— Muhuri nichonge lini?
Cheti kikishatoka. Andika herufi kwa herufi kama kilivyo: kikisema "&" usiweke "na". Vikitofautiana, benki watakusumbua kwenye kufungua akaunti.