Kubadilisha Chungu cha Bonsai ya Juniperi Bila Kuudhuru Mti

Mti wa juniperi huficha mauti yake. Mche wa nyanya ukikatwa mizizi hunyauka kabla ya jua kutua, lakini juniperi iliyopoteza mizizi yake huweza kubaki ya kijani kwa wiki nne, sita au hata zaidi, na pale majani yanapoanza kupauka mti wenyewe huwa umekwisha kufa zamani. Nililijua jambo hili kwa uchungu kupitia mti wangu wa kwanza wa bonsai, yaani mti unaokuzwa ukiwa mdogo ndani ya chungu. Niliung'oa chunguni mwezi Januari, nikaosha mizizi yote kwa mpira wa maji mpaka haikubaki hata chembe ya udongo wa zamani, kisha nikaupanda upya na kuuweka juu ya ukuta wa baraza, mahali ambapo jua la Kampala hupiga kuanzia asubuhi hadi jioni. Kwa wiki tano nilimwagilia mti mfu, nikiamini kwamba rangi yake ya kijani ni dalili ya afya. Kila hatua ninayoieleza hapa inatokana na somo hilo: juniperi haitoi onyo mapema, kwa hiyo uangalifu wote hauna budi kutangulia.

Kuna sababu mbili zinazoufanya mti huu utofautiane na miti mingine ya bonsai. Ya kwanza ni kwamba nguvu zake nyingi zimo katika majani, na mtu anayepunguza majani na mizizi kwa siku moja huunyang'anya mti chakula pamoja na njia ya kukipata. Ya pili imefichika udongoni. Ukilifungua bonge la mizizi ya juniperi yenye afya utaona nyuzi nyeupe, nyembamba kama utando wa buibui, zimejisokota kati ya chembe za udongo, na ukilisogeza karibu na pua utasikia harufu ya uyoga. Hao ni kuvu washirika wa mizizi, ambao huusaidia mti kufyonza maji na madini, hasa fosforasi, nao hupokea sukari kutoka kwake. Wapo watu wanaoziona nyuzi hizo wakadhani ni ugonjwa, wakamwagia dawa. Naomba sana zisiguswe. Kwa sababu hizo mbili, kanuni ninayoifuata ni kuondoa udongo wa zamani upande mmoja tu wa mti, na kuuacha upande wa pili ukiendelea kuulisha hadi safari nyingine.

Kabla ya kushika mkasi, hakikisha kwamba mti unahitaji kazi hiyo kweli. Mti mchanga unaokua kwa kasi huhitaji kubadilishiwa udongo kila baada ya miaka 2 au 3, na mti uliokomaa unaweza kukaa miaka 4 au 5 bila shida yoyote, lakini anayeamua si kalenda bali ni maji. Mwagilia, kisha utazame: iwapo maji yanatuama juu ya udongo kwa muda mrefu kabla ya kuzama, iwapo kijiti hakipenyi kwa sababu mizizi imeshikana kama mkeka, au iwapo mti umejiinua ukapita ukingo wa chungu, basi wakati umefika. Maji yakizama haraka na mti ukiwa unatoa machipukizi, uache. Mti ulio dhaifu pia uachwe upate nguvu kwanza, isipokuwa pale ambapo kinachoudhoofisha ni udongo wenyewe uliooza na kunuka.

Suala la majira linawachanganya watu wengi hapa kwetu, kwa kuwa maelekezo mengi yaliyoandikwa Japani, Marekani au Ulaya husema kazi ifanywe mwanzoni mwa majira ya kuchipua, wakati baridi inapoondoka. Uganda haina baridi ya namna hiyo. Hata Kabale, ambako usiku watu hujifunika mablanketi mazito, hakuna majira ya theluji. Kinachofaa kuchukuliwa katika maelekezo hayo ni sababu yake, nayo ni kwamba mizizi ikatwe pale mti unapokaribia kukua kwa nguvu, ili majeraha yapone upesi. Katika maeneo ya Kampala, Entebbe na Jinja, miti husukuma machipukizi mvua zinapoanza, yaani karibu na mwezi Machi na tena karibu na Septemba. Mimi huchagua Machi, mara tu baada ya mvua mbili au tatu za kwanza. Hewa ikiwa na unyevu, majani hupoteza maji kidogo, na mizizi iliyopunguzwa huweza kuyahimili mahitaji ya mti. Januari na Februari jua ni kali na hewa ni kavu, na huo ndio wakati nilioupoteza mti wangu.

Anayekuza mtarakwa, ile juniperi ya asili ya Afrika Mashariki ambayo wataalamu huiita Juniperus procera na ambayo humea katika milima kama Elgon na ile ya Karamoja, atafuata utaratibu huu huu. Mche anunue kitaluni. Kuchimbua mti kutoka katika hifadhi ya msitu ni uharibifu, na mara nyingi mti wenyewe haufiki nyumbani ukiwa hai.

Sasa tuje kwenye udongo, kwa kuwa hapo ndipo juniperi nyingi za mijini zinapouawa. Udongo mweusi unaouzwa na wenye vitalu vya kandokando ya barabara, ukiwa umefungwa katika kavera, yaani mfuko wa plastiki, ni mzuri kwa maua na mboga, lakini ndani ya chungu kifupi hushikana, hukaa na maji, na huinyima mizizi hewa. Juniperi inataka chembe ngumu zenye ukubwa wa milimita 3 hadi 6, zinazoruhusu maji kupita na hewa kuingia nyuma yake. Wajapani hutumia udongo wao uitwao akadama, ambao kwetu ni ghali na ni vigumu kuupata. Mimi nimeridhika na mchanganyiko wa sehemu mbili za tofali la kuchoma lililopondwa, sehemu mbili za changarawe ya volkano yenye vitundu, ya aina inayopatikana Kisoro, na sehemu moja ya mkaa uliovunjwa vipande vidogo. Asiyepata mawe ya volkano anaweza kuongeza tofali na kutia changarawe safi ya kawaida.

Tofali lenyewe lichaguliwe kwa makini. Mzee mmoja anayechoma matofali bondeni, nje kidogo ya jiji, ndiye aliyenifundisha. Nilipomwamkia na kumweleza shida yangu, alichukua matofali mawili, akayagonganisha karibu na sikio langu, akasema, "Sikiliza, mwanangu. Lililoiva hulia kama kengele. Bichi hulia kama ubao." Yale yaliyokuwa pembezoni mwa tanuri huwa hayakupata moto wa kutosha, na ukiyaponda yatageuka tope baada ya miezi michache ya kumwagiliwa. Ukiwa na shaka, loweka vipande kadhaa katika kikombe cha maji usiku kucha, na asubuhi uvifinye kwa vidole, vikivunjika, vitupe. Vikibaki vigumu, ponda tofali, upitishe kokoto zake katika chekeche la mafundi lenye matundu ya milimita 5 au 6, kisha uchekeche tena kwa wavu wa dirishani wa kuzuia mbu ili vumbi lote litoke. Usilionee vumbi hilo huruma. Ndilo linaloshuka hadi chini ya chungu na kuziba matundu, na baada ya kuchekecha ni vema kuziosha chembe mpaka maji yatoke meupe.

Chungu kiwe na matundu makubwa chini. Kwa mvua zetu ninapendelea chungu chenye kina kirefu kidogo kuliko kile ambacho macho yangependa, kwa sababu chungu kilicho bapa sana hubaki na maji mengi zaidi kulingana na udongo wake. Funika matundu kwa vipande vya wavu, upitishe waya kutoka chini ili ncha zake zibaki zimesimama ndani, zikisubiri kuufunga mti. Waya wa alumini wa milimita 2 unafaa.

Siku ya kazi, tafuta kivuli kisicho na upepo, na uwe na maji katika chupa ya kunyunyizia. Udongo wa mti usiwe umelowa wala usiwe mkavu kabisa. Mwagilia siku moja kabla. Pitisha kisu cha zamani kuzunguka ukingo wa chungu, shika shina karibu na mizizi, uinamishe mti na uutoe taratibu. Usiuvute kwa matawi. Kama haukubali, rudia kisu.

Ukishautoa, tumia uma wa zamani uliokunjwa meno, au kijiti cha mishikaki, kuchambua mizizi kutoka nje kuelekea ndani, kwa kufuata mwelekeo ambao mzizi wenyewe umeota. Hapa haraka haina nafasi. Mzizi unaovutwa kwa nguvu huchubuka ganda, na ganda lililochubuka ni mlango wa kuoza. Anza chini: ondoa udongo wa sakafu ya bonge, na ukate mizizi minene inayoelekea chini, kwa kuwa hiyo haina kazi kubwa katika chungu, ukibakiza ile myembamba inayotandaa pembeni. Kisha piga mstari wa kufikirika unaopita katikati ya shina. Upande mmoja wa mstari huo toa udongo wa zamani hadi karibu na shina, na ufupishe mizizi mirefu kwa mkasi mkali uliosafishwa kwa spiriti. Upande wa pili punguza kingo tu. Kwa jumla mizizi yote inayoondolewa isizidi theluthi moja, na mimi mara nyingi huishia robo. Nyunyizia maji kila baada ya dakika chache, kwa sababu vile vijizizi vyeupe vya ncha, ambavyo ndivyo vinavyonywa maji, hukauka upesi sana vikiachwa wazi.

Weka kilima kidogo cha udongo mpya chunguni, ukalishe mti juu yake, na uuzungushe kushoto na kulia huku ukiukandamiza, ili kilima kijae ndani ya uvungu wa mizizi. Ukiridhika na mkao wake, funga waya juu ya mizizi minene na uukaze kwa koleo, ukitia kipande cha mpira mahali unapokandamiza ganda. Hatua hii watu huidharau, nami naiona kuwa nusu ya kazi yote: mti unaotikisika kwa upepo hukata vijizizi vyake vipya kila siku vinapojaribu kushika. Ukiushika shina na kulisukuma kidogo, mti na chungu viende pamoja kama kitu kimoja.

Jaza udongo uliobaki, uuingize kati ya mizizi kwa kijiti, ukikizungusha polepole bila kuchoma, mpaka kusiwe na uwazi. Mwishowe mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo mara nne au tano, hadi maji yanayotoka chini yawe safi. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka bati yanafaa kuliko ya bomba.

Kwa wiki 2 au 3 mti ukae nje mahali penye mwanga mwingi lakini pasipo na jua la mchana, chini ya upenu, ili mvua zile kubwa za Machi zisiutifue udongo kabla mizizi haijashika. Usiuingize sebuleni, juniperi ni mti wa nje, na ndani ya nyumba hudhoofika hata ukiumwagilia vizuri. Nyunyizia majani asubuhi na jioni, lakini udongo umwagiliwe tu pale tabaka la juu linapoanza kukauka, kwa kuwa mizizi iliyopunguzwa hainywi kama awali. Mbolea isubiri wiki 6, na samadi mbichi isitumike kabisa. Majani yasipogolewe msimu huo wote. Baadhi ya juniperi za majani ya magamba, zikisumbuliwa kupita kiasi, huanza kutoa majani ya sindano kama ya mche mchanga, na ukiyaona ujue kwamba mti unaomba kuachwa.

Jiangalie pia na utitiri mwekundu, ambao huushambulia mti uliochoka, hasa ukame unaporudi mwezi Juni. Shika karatasi nyeupe chini ya tawi, uligonge tawi kwa kidole. Vumbi likianza kutembea juu ya karatasi, osha majani kwa maji ya nguvu kila siku kwa wiki nzima, ukiwa umeufunika udongo.

Dalili ya kweli ya uzima ni ncha za matawi zinapogeuka kijani kibichi cha kung'aa na kurefuka, wala si ile rangi ya jumla iliyonidanganya mimi. Zikianza kurefuka, urudishe mti juani hatua kwa hatua. Siku hiyo hiyo ya kupanda, tia nukta ya rangi ya mafuta kwenye ukingo wa chungu, upande ule uliofunguliwa, na uandike mwezi na mwaka chini yake. Baada ya miaka 2, ncha zikiwa na nguvu na mvua za Machi zikiwa zimeanza, geuza chungu mpaka nukta iwe upande wa pili kutoka kwako, kisha ufungue nusu iliyobaki.