Kabati la maajabu kwa wenzangu wa kuokota okota, hata kama unakaa chumba kimoja Ngarenaro, Arusha

Toka mdogo naokota, mama akitaka kufua anakuta mfukoni mawe na magamba ya konokono, kumbe huu ugonjwa ni wa zamani sana. Ulaya miaka ya 1500 na 1600 wenye nafasi walikua wanatenga chumba kizima cha vitu vya ajabu walivyokusanya, ndo hilo kabati la maajabu, mfano mfamasia Ferrante Imperato wa Naples, Italia, alibandika mamba mkavu kwenye dari, mchoro wa chumba chake ulichapwa 1599.

Mamba achana nae. Ngozi, pembe, meno ya wanyama pori, hadi miba ya nungunungu, ukikutwa navyo bila kibali hizo ni nyara za serikali, na ukiwa ndani ya hifadhi usibebe hata jiwe. Mtaani vipo tele, ganda la jakaranda lililopasuka, jiwe la volkano lile la vitundu vitundu unalikuta tu mtaroni, kipepeo aliyejifia dirishani.

Chukua boksi la viatu, kata trei ya mayai uweke ndani, tayari una vyumba. Mdudu mkaushe kivulini alafu mfunge kwenye kimfuko akae friza kama wiki ili mayai ya wadudu wengine yafe. Mi niliruka hiyo hatua na boksi nikaacha wazi, sisimizi wakaniachia mabawa tu.

Sasa lebo, hapa ndo wengi wanazingua. Zamani watu walinunua kwa hela ndefu pembe ndefu iliyosokotwa wakiambiwa ni ya farasi wa ajabu na inatibu sumu, mpaka 1638 Ole Worm, daktari wa Copenhagen mwenye chumba chake cha maajabu, akaonyesha lile ni jino la narwali, mnyama wa jamii ya nyangumi, mana yeye alipata fuvu jino likiwa bado limeshika. Unaona, jino likiwa peke yake muuzaji anakuambia chochote. Kwahiyo andika siku hiyohiyo umeokota wapi, lini, juu ya nini, mfano "Sakina, chini ya mjakaranda, baada ya mvua", tena kwa penseli, wino wa peni unafifia na ukilowa unasambaa.

Ukikwama nenda Makumbusho ya Elimu Viumbe, pale kwenye boma la Wajerumani la 1900, ila usiangalie vitu tu, soma na vile vikaratasi vya pembeni.