Jinsi ya Kuchagua Rivolva ya Magnum Yenye Mtutu wa Wastani na Triga Laini

Wateja wengi wanaofika kwenye karakana yangu hapa Ngamiani, Tanga, huniambia kwamba wanatafuta rivolva (bastola yenye silinda ya kuzunguka inayobeba risasi) yenye triga nyepesi, nami huwauliza kwanza kama wanamaanisha nyepesi au laini. Wepesi ni kiasi cha nguvu ambacho kidole kinahitaji ili nyundo ianguke. Ulaini ni namna nguvu hiyo inavyosafiri, yaani kama inapanda kwa mfululizo au inakwama njiani na kuruka kama mkokoteni kwenye barabara ya mawe. Triga nzito lakini laini humpa mpigaji shabaha nzuri, ilhali triga nyepesi yenye mikwaruzo humyumbisha mtutu wakati ule ule ambao haupaswi kuyumba. Mwongozo huu unamhusu mtu anayetaka kuchagua, kwa kidole na sikio lake mwenyewe, rivolva ya .357 Magnum yenye mtutu wa inchi 4 hivi.

Hatua ya kwanza: kibali kabla ya silaha

Usiipende bastola kabla hujajua kama utaruhusiwa kuimiliki. Silaha za kiraia nchini Tanzania zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni hutolewa kupitia Jeshi la Polisi. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, na hakikisha namba iliyogongwa kwenye fremu inalingana, tarakimu kwa tarakimu, na ile iliyo kwenye karatasi. Namba iliyokwaruzwa au kusuguliwa na tupa ni sababu tosha ya kuirudisha bastola mezani na kuaga.

Hatua ya pili: risasi na mtutu

Risasi ya .357 Magnum ilitoka mwaka 1935, ikizaliwa kutokana na .38 Special iliyokuwapo tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kipenyo cha zote mbili ni kile kile, bali ganda la Magnum limerefushwa kwa takribani milimita 3, makusudi lisiweze kuingia katika rivolva dhaifu za .38. Faida yake kwa mnunuzi ni kubwa: rivolva ya .357 hupiga risasi za aina zote mbili, hivyo mazoezi hufanywa kwa .38, ambayo ina mshindo mdogo (yaani msukumo wa bastola kurudi nyuma mkononi) na kwa kawaida bei nafuu, na Magnum hubaki kwa kazi yake. Kinyume chake hakiwezekani, wala asikudanganye mtu kwamba kutoboa silinda ya .38 zaidi kidogo kunatosha.

Kuhusu mtutu, inchi 2 hufichika vizuri lakini hutoa moto mkubwa mdomoni, huruka mkononi, na umbali mfupi kati ya alama mbili za kulengea hukuza kila kosa la jicho. Inchi 6 hulenga kwa utulivu, ila humsumbua mtu anayeketi kwenye gari au anayezunguka shambani siku nzima. Inchi 4 ndiyo ninayowashauri wasimamizi wa mashamba ya Muheza na Korogwe, kwa sababu huipa baruti nafasi ya kutosha kufanya kazi, na uzito wa bastola nzima, zaidi kidogo ya kilo moja, huumeza sehemu nzuri ya mshindo.

Hatua ya tatu: ijue familia ya mtambo

Utakutana hasa na familia tatu. Smith & Wesson hutumia springi bapa ndani ya mpini, na triga yake kwa kawaida hupanda kwa uzito ulio sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Modeli ya 19, iliyotoka mwaka 1955, ni nyepesi kubeba, lakini katika zile za zamani sehemu ya nyuma ya mtutu wake, ile inayoipokea risasi inapotoka kwenye silinda, imepunguzwa chuma upande wa chini, na inajulikana kupasuka ikilishwa kwa wingi risasi nyepesi na kali za Magnum zenye kichwa cha gramu 8. Modeli ya 686, yenye fremu pana zaidi, ilitengenezwa miaka ya 1980 ili kuondoa udhaifu huo. Ruger GP100 ina springi iliyosokotwa mizunguko (koili) na mwili mnene sana. Ikiwa mpya triga yake huwa na ukavu fulani, kisha hulainika kwa matumizi. Colt Python ya zamani, ambayo nayo ilianza mwaka 1955, husifiwa kuliko zote, na sifa hiyo ni ya haki kwa uzuri wake. Hata hivyo triga yake huanza kwa wepesi kisha uzito hupanda karibu na mwisho, jambo ambalo baadhi ya wapigaji hulipenda na mimi silipendi. Ile iliyoanza kutengenezwa upya mwaka 2020 ilibadilishwa springi.

Nikilazimishwa kuchagua moja kwa mtu asiye na fundi karibu, nitampa 686 au GP100 na kulala usingizi.

Hatua ya nne: jaribu triga bila risasi

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo usiharakishwe na muuzaji. Risasi zote zitolewe nje ya chumba mlichomo. Fungua silinda, sukuma kitoa-maganda, angalia matundu yote sita kwa jicho, kisha yapitie kwa ncha ya kidole, na uelekeze mtutu kwenye ukuta mnene usio na mtu nyuma yake. Ukiipokea bastola kutoka mkononi mwa mtu aliyekwisha kuikagua mbele ya macho yako, ikague tena. Mwombe pia mwenye duka ruhusa ya kufyatua kavu, na ikiwezekana atumie risasi bandia za mazoezi.

Anza kwa mvuto mmoja, yaani bila kuikoki nyundo kwa dole gumba. Vuta triga polepole mno, kana kwamba unahesabu hadi kumi. Kidole kisikie mambo matatu kwa mpangilio: silinda inaanza kuzunguka, kisha kunasikika mlio mdogo wa kabari ya chini ikiifunga silinda mahali pake, kisha nyundo inaanguka. Kama nyundo inaanguka kabla ya mlio huo, risasi haitakaa sawasawa na mtutu na sehemu ya risasi inaweza kukatwa na kurushwa pembeni. Rudia kwa matundu yote sita huku kidole cha mkono wa pili kikiigusa silinda kwa mgandamizo mdogo sana ili kuizuia kidogo, kwa maana silinda iliyochakaa mara nyingi hufaulu matundu matano na kulifelisha moja.

Kisha ikoki, na bila kuigusa triga, isukume nyundo mbele kwa dole gumba. Ikianguka, huenda kuna mtu aliyesugua vyuma vya ndani kwa jiwe akitafuta wepesi, na bastola hiyo si salama. Mwisho, vuta triga hadi nyundo ianguke, ishikilie nyuma hapo hapo, na uitikise silinda: mchezo mdogo kabisa wa pembeni unavumilika, lakini ikigonga kwenda mbele na nyuma, imechoka.

Ukitaka tarakimu, tumia mizani ya ndoano kama ile ya wachuuzi wa samaki. Mvuto mmoja huwa karibu kilo 5, na nyundo ikiwa imekokiwa huwa kilo 2 au chini kidogo. Nafasi kati ya silinda na mtutu pima kwa fila za fundi pikipiki, zile anazopimia valvu: jani la milimita 0.10 hadi 0.20 linapaswa kupita. Nafasi ikizidi hapo, gesi na vipande vya risasi hutoka kwa wingi. Hata nafasi ikiwa sahihi, kidole kisikae kamwe kando ya silinda wakati wa kupiga, kwa kuwa moto unaotoka pale unachoma na kukata.

Hatua ya tano: tofautisha ubovu na uchafu

Pwani yetu ina chumvi hewani, na wakati wa masika unyevu huingia hadi kabatini. Mwaka jana alikuja kijana anayesimamia shamba upande wa Pangani, akiwa amebeba rivolva ya inchi 4 aliyotaka kuinunua kwa kufuata taratibu, akiwa na muuzaji wake.

"Shikamoo, fundi. Nimeambiwa hii ni mbovu, triga inaganda."

"Marahaba, mwanangu. Imepakwa mafuta gani?"

Wote wawili walinyamaza, kisha muuzaji akakiri kwamba mwenye nayo alikuwa akiipaka mafuta ya nazi, kwa sababu yanazuia kutu. Nilipofungua bamba la ubavuni nilikuta utando wa rangi ya chai uliogeuka kuwa gundi kwenye kila kiungo, na nzi mmoja mdogo amekauka ndani yake. Nikasafisha kwa mafuta ya taa, nikafuta, nikatia matone mawili ya mafuta ya cherehani mahali vyuma vinapokutana, nikafunga. Kisha nikamwomba kijana aweke sarafu ya shilingi 200 juu ya mtutu, karibu na alama ya mbele, avute triga bila kuiangusha. Kabla ya kusafisha sarafu ilikuwa inaanguka kila mara. Baada ya hapo aliiangusha mara moja katika kumi, na ile moja ilikuwa kosa la kidole chake, si la chuma.

Kwa hiyo kabla ya kuikataa au kuinunua bastola iliyotumika, omba isafishwe mbele yako. Ukishainunua, chuma cha pua kinastahimili hewa ya Tanga kuliko chuma cheusi, ingawa nacho hushika kutu kikisahauliwa. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, maana ngozi hunyonya unyevu na kuubana kwenye chuma.

Hatua ya sita: springi usizikate

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Miaka ya nyuma, mteja alinisihi nimpunguzie uzito wa triga, nikalegeza skrubu ya mbele ya mpini inayoikaza springi bapa, mizunguko miwili tu. Mezani ilikuwa tamu kama halua. Kwenye uwanja wa shabaha, katika risasi sita, mbili hazikuwaka, na fataki zake, vile vikombe vidogo kwenye kitako cha ganda vinavyowasha baruti, zilikuwa na alama ndogo kama ya sindano, kwa sababu nyundo ilikosa nguvu ya kuzipiga. Niliikaza skrubu siku hiyo hiyo na sikumtoza chochote. Skrubu hiyo inapaswa kukazwa hadi mwisho. Ukiikuta imelegea kwenye bastola unayoikagua, ikaze kwanza, kisha uipime triga upya, kwani ule ulaini uliosifiwa dukani unaweza kuwa ndio huo.

Hatua ya saba: risasi za kwanza

Nenda kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, vaa kinga ya masikio na ya macho, na upige kwanza risasi 12 za .38, halafu 6 za Magnum. Kati ya hizo mbili pitisha brashi kwenye matundu ya silinda, kwa kuwa .38 ni fupi na huacha pete ya masizi ndani, na pete hiyo huzuia ganda refu la Magnum lisiingie hadi mwisho. Okota maganda na uyapange kwenye kitambaa. Alama ya pini, ile ncha inayoigonga fataki, iwe katikati ya fataki na ya kina kinacholingana katika maganda yote. Ikiwa tundu moja tu hupigwa pembeni, litie alama kwa chaki, urudie risasi mbili katika tundu hilo hilo, na kama zote zimepigwa pembeni, mrudishie muuzaji bastola pamoja na hayo maganda.