Namna ya kukutana na rafiki ambaye habari zake umekwisha kuzisoma kwenye simu

Nilipoonana na rafiki yangu wa miaka mingi baada ya kupita karibu mwaka mzima, nilianza kumsimulia jinsi nilivyohama nyumba, naye akaniambia kwa upole, "Niliziona picha." Nikampongeza kwa mwanawe kuhitimu masomo, akanikumbusha kwamba nilikwisha kumpongeza siku ileile, kwenye kundi la WhatsApp. Haikutimia nusu saa tukawa tumeishiwa maneno, kila mmoja ameinamia simu yake. Hatukuwa tumegombana, wala upendo haukuwa umepungua. Habari zetu ndizo zilizokuwa zimetutangulia.

Kabla ya simu janja kuenea, mtu aliyetaka kujua hali ya rafiki yake ilimbidi amwendee, ampigie au amwandikie barua, na kule kujuliana hali ndiko kulikokuwa sababu ya safari. Simu ya iPhone ilianza kuuzwa mwaka 2007, ya kwanza ya Android ikafuata mwaka 2008, WhatsApp ikaanzishwa mwaka 2009. Tangu hapo sababu ile ya safari imekuwa ikidhoofika mwaka hata mwaka. Nchini Marekani, ripoti iliyotolewa mwaka 2023 na Vivek Murthy, aliyekuwa Mganga Mkuu wa serikali, ilieleza kwamba muda ambao watu hukaa ana kwa ana na marafiki ulishuka kutoka wastani wa dakika 60 kwa siku mwaka 2003 hadi dakika 20 mwaka 2020. Ni kweli kwamba mwaka 2020 ulikuwa wa korona, na si haki kuitwika simu mzigo wote, lakini mteremko ulikwisha kuanza miaka mingi kabla ya hapo.

Hatua ya kwanza, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote, ni kubakiza habari. Unapopata jambo kubwa, liwe la furaha au la kuumiza, jiulize kabla hujalitangaza ni nani anayestahili kulisikia kutoka kinywani mwako. Watakuwa wawili au watatu tu. Hao waandikie kwa ufupi: "Nina jambo nataka kukusimulia, lakini si la kuandika. Jumamosi asubuhi una nafasi?" Wengine wanaweza kusubiri siku chache, na hakuna atakayedhurika. Fanya vivyo hivyo kwa habari za mwenzako: akiweka picha za safari, usimalizie mazungumzo palepale kwa kialama cha moyo, mwambie ungependa kukaa naye akusimulie. Na mkishakaa, akaanza kusimulia jambo uliloliona, usimkatishe kwa kusema umeliona. Picha ilikuonyesha alipofika, haikukuonyesha alivyohangaika njiani, alivyokaribia kukata tamaa, au nani aliyemshika mkono. Muulize hayo.

Kisha weka miadi yenye siku, saa na mahali. "Tutafutane" si miadi, na sote tunajua ni wangapi tuliowaambia neno hilo na hatukuwatafuta hadi leo. Mwaka 2018 Jeffrey Hall, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, alikadiria kwamba watu wasiojuana huhitaji saa zipatazo 50 za kuwa pamoja ili wawe marafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 ili wawe marafiki wa karibu. Saa hizo hazikusanyiki kwa kutakiana siku njema. Mwalike rafiki mmoja mmoja kwa ujumbe wake mwenyewe, kwa kuwa mwaliko wa kwenye kundi kila mtu hudhani ataitikia mwenzake. Simu imerahisisha pia kuvunja ahadi dakika za mwisho. Ukilazimika kuahirisha, taja siku nyingine katika ujumbe huohuo.

Mkishakutana, simu isikae mezani. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2012, Andrew Przybylski na Netta Weinstein wa Uingereza waliona kwamba simu iliyowekwa tu karibu na watu wawili wasiofahamiana, bila hata kuguswa, ilipunguza ukaribu wao, hasa walipozungumzia mambo mazito. Majaribio yaliyofuata hayakutoa jibu lilelile kila mara, lakini mimi sihitaji maabara kuamini nilichokiona. Simu imelazwa kifudifudi. Inatetemeka juu ya mbao. Rafiki aliyekuwa akieleza jinsi ndoa yake inavyomwelemea ananyamaza katikati ya sentensi. Unamwambia, "Endelea tu, nakusikiliza." Anaendelea, lakini kwa sentensi nyingine, nyepesi kuliko ile aliyoiacha.

Kwa hiyo itie simu mkobani, uzime mlio pamoja na mtetemo. Ikiwa una mgonjwa au mtoto nyumbani, mweleze mwenzako tangu mwanzo kwamba huenda ukapigiwa simu kutoka nyumbani, kisha tumia mpangilio wa kutosumbuliwa, unaoruhusu namba ulizozichagua peke yake kuita. Yeye akishika yake, usimkemee na usitoe yako ili kulipiza. Nyamaza kwa utulivu hadi amalize, kisha rudi mlipoachia.

Dakika za mwanzo huenda zikawa nzito, hasa kama mmezoea kuandikiana. Kutembea pamoja au kufanya kazi ndogo ya mikono husaidia, kwa sababu kimya cha watu wanaotembea hakimtishi yeyote. Na mkibishana kuhusu mwaka wa tukio fulani au jina la mwalimu wenu wa zamani, msikimbilie intaneti. Jibu litapatikana kwa sekunde tatu na mazungumzo yataishia hapo, ilhali katika kubishana huko kila mmoja angefukua kumbukumbu ambazo mwenzake hakuwahi kuzisikia.

Kwa rafiki aliye mbali, piga simu badala ya kuandika. Utafiti wa Amit Kumar na Nicholas Epley, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba watu huhofia kuwa mazungumzo ya sauti yatawaletea aibu, lakini wakizungumza hujikuta wamekaribiana zaidi kuliko walioandikiana. Mpigie hata bila sababu.

Kabla hamjaagana, toeni simu zenu pamoja, mchague siku ya kuonana tena na kuiandika kwenye kalenda papo hapo, wakati hamu ya mazungumzo bado ipo.