Menyu ya nyama choma nyumbani kwa watu 20: pima jiko kwanza, bucha baadaye

Joto ndo hilo limeshaingia, kaskazi inavuma, shule zimefungwa na huku Dar kila mtu anataka kuchoma nyama uani kwake. Mi kazi yangu ni kuchomea watu kwenye shughuli zao, na swali la kwanza naloulizwa ni "tununue kilo ngapi?", wakati cha kwanza kujua ni jiko lako linabeba nini kwa mara moja. Menyu ikizidi jiko, wa kwanza wanakula saa nane na wa mwisho saa kumi na moja, na hao wa mwisho watakusema mpaka Pasaka.

HATUA YA 1: Jiko

Wengi tunalo lile la pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu, wavu wake unakuja kama sentimita 85 kwa 55. Usiuhesabu wote kama sehemu moja. Upande mmoja unajaza mkaa, upande wa pili unaacha mkaa kidogo, huko ndo mbuzi anaiva taratibu, na upande mkali ni wa mishkaki na kumalizia rangi ya kuku. Kwa jiko la hivyo nyama tatu zinatosha: mbuzi, mishkaki ya ng'ombe, kuku. Samaki mi simpangi kwa watu wengi, anang'ang'ania wavu, anataka mtu wa kumsimamia peke yake, na akishapita pale kuku wako atanukia samaki. Kama unampenda sana mtafutie jiko lake dogo pembeni.

Na kitimoto (nyama ya nguruwe) hivyohivyo, uliza wageni mapema nani anakula nani hali, halafu jiko lake, kisu chake, ubao wake na koleo lake. Kugeuza upande wa wavu haitoshi, kuna mgeni ataona na hatakula kitu siku nzima na wala hatakwambia.

HATUA YA 2: Kilo

Mtu mzima mpigie nusu kilo ya nyama mbichi, mtoto robo. Inaonekana nyingi ila toa mifupa, toa na inayopotelea motoni (kama robo ya uzito inaenda na maji na mafuta), unabaki na sahani ya kawaida tu. Tuseme wakubwa 14 na watoto 6, hiyo ni kilo 7 jumlisha moja na nusu, jumla kilo 8 na nusu. Mi nagawa hivi: mbuzi kilo 4, steki kilo 2, na kuku wawili wa kisasa wa kilo moja na robo kila mmoja. Ile steki ukikata vipande vya gramu 20, vitano kwa kijiti, inatoa mishkaki 20, kila mtu na wake, anayetaka wa pili asubiri mbuzi. Kuku kata vipande vinane vinane, watoto wataenda huko wenyewe.

Bucha mwambie unataka paja na mbavu, mbuzi mdogo, na paja asikukatie vipande, manake wengine ukigeuka tu shoka limeshashuka. Kama umepewa kuku wa kienyeji mchemshe kwanza mpaka alainike ndo apande jikoni, ukimpeleka mbichi atakauka nje na ndani atakuvuta meno.

HATUA YA 3: Viungo

Mbuzi ni chumvi na ndimu basi. Lichanje paja mpaka karibu na mfupa, pakaa asubuhi, na wakati linaiva unalinyunyizia maji ya chumvi kidogo kidogo. Ukimjaza mbuzi masala unaficha ladha uliyoilipia.

Mishkaki ndo inataka kazi: tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga, bizari nyembamba, ndimu, na papai bichi lililosagwa, kijiko kimoja cha chakula kwa kilo. Papai linalainisha kwelikweli, kwa hiyo lisikae usiku kucha, saa moja au mbili yatosha, likizidi hapo nyama inakuwa kama imeshatafunwa na mtu mwingine. Viungo vingine weka jana yake, papai siku yenyewe. Vijiti kama ni vya mbao loweka nusu saa visiungue.

Kila kitu kikae kwenye friji au deli lenye barafu mpaka zamu yake ifike. Kwa joto la Desemba, likivuka nyuzi 32 chakula kisikae nje zaidi ya saa moja, kibichi na kilichoiva pia.

HATUA YA 4: Vya pembeni

Hapa usiongezee jiko mzigo. Ugali unapikwa ndani kwenye gesi, kilo 2 za unga zinatosha ukiwa na ndizi pia. Ndizi mzuzu chukua zilizoiva njano, zinaingia kwenye wavu mwishoni. Kachumbari kilo 2 za nyanya na kilo 1 ya vitunguu, vitunguu vioshe na chumvi vipunguze ukali, ila usichanganye mapema, nyanya inatoa maji inakuwa supu. Chumvi na ndimu ni dakika za mwisho, pilipili mbuzi weka kibakuli chake. Ukwaju wa kuchovyea mishkaki pika jana. Vinywaji kila mtu anajua vyake, we nunua barafu zaidi ya unavyofikiri.

HATUA YA 5: Ratiba, hesabu kurudi nyuma

Watu wanakula saa 8 mchana. Mkaa unawashwa saa 5, uache dakika 30 mpaka ushike majivu meupe juu. Saa 5 na nusu mbuzi anapanda upande wa moto mdogo, mfunike na bati au sufuria pana, atakaa saa mbili na kidogo. Katikati hapo moto utapungua, sasa usitupie mkaa mbichi chini ya nyama utaijaza moshi, uwashe kwenye jiko dogo pembeni ukikolea ndo unahamishia.

Saa 7 mishkaki kwenye moto mkali, dakika 10 tu, unaipitisha kwa wageni wanyamaze. Saa 7 na dakika 10 kuku, upande ule wa moto mdogo kwanza, dakika 40 hivi, rangi mwishoni. Choma kisu karibu na mfupa wa paja, maji yakitoka na wekundu mrudishe, na kama una kipimajoto ni nyuzi 74. Saa 7 na dakika 40 mbuzi anashuka apumzike, ndizi zinachukua nafasi yake, na ndani ugali unaanza kusongwa.

Sahani iliyobeba nyama mbichi isirudi kupokea iliyoiva, hata kama umeifuta.

Kukata mbuzi apewe mtu mmoja, na ubao uwe mezani sio jikoni, manake ukikatia jikoni wale wanaokusaidia kupepea watamaliza mbavu kabla hazijafika kwa mama mkwe.