Jinsi ya Kuicheza Scrambled Valkyrie, Gemu ya Kijapani ya Ndege Inayogeuka Roboti

Katika vibanda vya gemu vya hapa Kisumu, hasa upande wa Kondele ambako vijana wengi huenda kucheza mpira wa kwenye skrini, nimemwona zaidi ya mchezaji mmoja akikabidhiwa gemu hii ya zamani, akishikilia kitufe cha kufyatua tangu mwanzo, akifa kabla hatua ya kwanza haijaisha, kisha akiirudisha pedi ya kuchezea na kusema kwamba gemu ni ngumu kupita kiasi. Gemu si ngumu kiasi hicho. Kinachomwangusha ni kuichukua ndege yake kama ndege tu, na kule kubadilika umbo kama pambo la kufurahisha macho, ilhali kubadilika huko ndiko gemu yenyewe. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuifikisha mwisho.

Macross: Scrambled Valkyrie ilitolewa Japani mwaka 1993 na kampuni ya Zamuse kwa ajili ya mashine ya Super Famicom, ambayo nje ya Japani iliitwa Super Nintendo. Imetokana na katuni ya Super Dimension Fortress Macross, iliyoonyeshwa katika televisheni za Japani kuanzia Oktoba 1982 hadi Juni 1983 katika vipindi 36, nayo inasimulia vita kati ya binadamu na Wazentradi, majitu ya anga za mbali yaliyolelewa kwa vita pekee bila nyimbo wala maisha ya kawaida. Ndege unayoiendesha ni VF-1 Valkyrie, iliyobuniwa na Shoji Kawamori kwa kufuata sura ya ndege ya kivita ya Kimarekani F-14. Si lazima uwe umeitazama katuni hiyo, lakini mambo mawili kutoka humo yafaa uyajue, kwa kuwa yameingia katika vitufe vya gemu: ndege ina maumbo matatu, na adui hushindwa kwa wimbo.

Kuiandaa mashine

Ukibahatika kuipata Super Famicom halisi ya Japani, iwe kwa ndugu aliyerudi kutoka ng'ambo au kwa muuzaji wa vifaa kuukuu, usiichomeke ukutani hata kwa dakika moja kabla ya kusoma maandishi yaliyo kwenye adapta. Umeme wa Japani ni wa volti 100, na wa kwetu ni wa volti 240. Binamu yangu aliichomeka ya kwake moja kwa moja jioni ileile aliyoipokea, na kilichobaki kilikuwa harufu ya plastiki iliyoungua. Tafuta transfoma ya kupunguza umeme kutoka volti 240 hadi 100, au mwombe fundi wa redio unayemwamini akutafutie adapta nyingine ya volti 10 inayotoa angalau miliampea 850, na umkumbushe kwamba katika mashine hii upande hasi uko katikati ya plagi, kinyume cha adapta nyingi zinazouzwa madukani. Kwa kuwa mvua za radi hutujia mara kwa mara kutoka ziwani nyakati za alasiri, na stima ikipotea huweza kurudi kwa kishindo, chomoa kila kitu mara unaposikia ngurumo ya kwanza.

Kaseti ya gemu ya Japani inaingia vizuri katika mashine ya Super Nintendo iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya, maana umbo lake ni lilelile, lakini gemu haitawaka, kwa sababu chipu ya kufuli iliyomo ndani ya mashine hiyo haikubaliani na ile iliyomo katika kaseti. Kwa mashine ya Kimarekani mambo ni kinyume: chipu zinakubaliana, na kinachozuia ni umbo la plastiki tu. Mambo haya yaulizie kabla ya kutoa pesa. Kaseti ikikataa kuwaka, usiipulize kwa mdomo jinsi tulivyozoea tangu utotoni, kwa maana unyevunyevu wa pumzi hula shaba ya miguu yake. Ifute kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo na uiache ikauke.

Kuhusu televisheni, runinga nzito ya zamani yenye mgongo ndiyo bora, mradi iweze kupokea picha za mfumo wa NTSC wa Japani. Zile zinazojua mfumo wa PAL peke yake zitakupa picha isiyo na rangi au inayokimbia juu na chini. Ukitumia televisheni bapa ya kisasa, ingia katika mipangilio yake na uchague hali ya gemu. Picha za mashine hii hubadilika mara 60 kwa sekunde, hivyo televisheni inayochelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde inakuonyesha risasi ilipokuwa picha sita zilizopita, na mtu anayekwepa risasi iliyokwisha kupita mahali pale hawezi kulaumiwa akifa.

Maumbo matatu

Kabla ya kuanza vita, tumia dakika chache kugusa kila kitufe na kuona kinafanya nini, ukibadilisha umbo mara nyingi mpaka vidole vyako viweze kufanya hivyo bila macho kuitazama pedi. Umbo la kwanza ni la ndege kamili. Ni jembamba na jepesi, na linapenya katika nafasi ambazo maumbo mengine hayawezi kupita. Umbo la tatu, liitwalo Battroid, ni roboti yenye mikono, miguu na bunduki. Ni refu kwenda juu, kwa hiyo risasi ambayo ingeipita ndege kwa upana wa kidole humpata yeye kifuani. Kati yao kuna Gerwalk, ambayo ni ndege iliyoteremsha miguu na kutoa mikono, na wanaoanza karibu wote huidharau kwa sababu sura yake haijakamilika upande wowote. Nawasihi msiidharau.

Kila umbo lina silaha yake, na hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu. Cheza sehemu ya mwanzo ya hatua ya kwanza mara tatu, kila mara kwa umbo moja tu bila kubadilisha, hata kama utakufa. Usijali pointi. Tazama risasi zako zinaelekea wapi, zinatawanyika au zinanyooka, zinamaliza adui mkubwa kwa haraka gani, na ni upande gani wa skrini unaobaki bila ulinzi. Baada ya hapo utaacha kujiuliza ni umbo gani lililo bora, swali lisilo na jibu, na utaanza kujiuliza ni umbo gani linalofaa kwa wale wanaokuja sekunde tatu zijazo. Mchezaji anayebadilisha umbo baada ya adui kujitokeza amekwisha chelewa, kwa kuwa wakati huo vidole vyake vinahitajika katika kukwepa.

Anayepata shida kulielewa jambo hili angefaidika kwa kuicheza kwanza Formation Z, gemu ya kampuni ya Jaleco ya mwaka 1984, ambamo roboti hutembea juu ya ardhi na kugeuka ndege, lakini ndege hula mafuta, na baharini roboti haiwezi kupita. Ukiyachoma mafuta bure ukiwa nchi kavu, bahari itakumeza. Gemu ile ni ya kale na picha zake ni chache, ila inafundisha kwa ukali kwamba umbo huchaguliwa kwa kutazama mbele.

Kuna pia marubani watatu wa kuchagua: Hikaru, Max na Milia, na silaha za maumbo hutofautiana kwa kila mmoja. Milia ana kisa kizuri katika katuni, kwani alikuwa rubani wa Wazentradi kabla ya kuolewa na Max aliyekuwa adui yake. Chagua mmoja kati yao na ubaki naye kwa majuma mawili. Anayebadilisha rubani kila anapokufa huanza kujifunza upya kila siku.

Kunyamazisha bunduki

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote katika gemu hii, na ndilo wanaoshikilia kitufe bila kuachia hawalioni kamwe. Ukiacha kufyatua kwa muda, ndege hujikusanyia nguvu ya wimbo wa Minmay, yule mwimbaji ambaye sauti yake iliwatatiza Wazentradi katika vita. Ukimgusa adui wa aina fulani ukiwa na nguvu hiyo, haangamii, bali hugeuka mwenzako na kukusaidia kupiga. Aliyekulia Nyanza, akaisikia nyatiti ikipigwa msibani na kuona watu waliokuwa wakibishana wakinyamaza mmoja mmoja, hatalishangaa jambo hili.

Tatizo ni kwamba kidole hakitaki kuacha. Adui wanakuja, na kila kitu mwilini kinakuamuru ufyatue. Basi jizoeze mahali pa salama: tafuta pengo kati ya wimbi moja la adui na jingine, ondoa kidole kabisa juu ya kitufe, isiwe kukilegeza tu, na usubiri ukiwa katika umbo la ndege, kwa kuwa wembamba wake utakusaidia kukaa bila kupigwa. Kisha mwendee adui mmoja uliyemchagua mapema. Si kila adui anayekubali, na wale wakubwa wa mwisho wa hatua hawakubali, hivyo jaribu aina moja moja na uandike matokeo. Wenzako hao hutofautiana katika namna wanavyopiga, kwa hiyo usimkimbilie wa kwanza unayemwona. Afadhali kumngoja mwenye risasi zinazoziba upande ambao silaha yako haiufikii.

Daftari

Skrini inasogea yenyewe kutoka kushoto kwenda kulia, na adui wana mahali pao pa kutokea ambapo hapabadilikibadiliki. Kwa sababu hiyo, daftari la shule la kurasa 48 lina thamani kuliko wepesi wa mikono. Chora mistari minne: wimbi, mahali linapotokea, umbo la kulikabili, na mahali pa kunyamazisha bunduki. Andika mara tu baada ya kufa, kabla hujaanza tena, maana dakika tano baadaye utakumbuka uchungu wa kufa tu, na sababu yake itakuwa imekutoka.

Katika kukwepa, kaa theluthi ya kushoto ya skrini bila kujibandika ukutani, kwa sababu wapo wanaotokea nyuma. Risasi nyingi huelekezwa mahali ulipo wakati zinapotoka. Kwa hiyo sogea polepole upande mmoja kwa kugusagusa kitufe cha mwelekeo, uzivute zote zifuate upande huo, kisha katiza kwa haraka urudi ulikotoka, ambako sasa ni wazi. Anayerukaruka juu na chini huzisambaza risasi kila mahali na kujifungia mwenyewe.

Ukifika mwisho kwa rubani wako wa kwanza, usilitupe daftari. Chukua rubani wa pili, acha mstari wa mawimbi na mstari wa mahali kama ulivyo, kisha futa mstari wa maumbo peke yake na uanze kuujaza upya kwa penseli.